Beki Aliyenipa Mji

“Soma tena, Shaame. Polepole. Hizi herufi za skuli mie hazinijui, nami sizijui.”

Huyo ni baba yangu, Mzee Silima, mwalimu wa chuo cha Kurani asiyesoma ila herufi za Kiarabu, ukumbini kwetu Wambaa, Pemba. Mimi Mize nilikuwa nyuma ya pazia, namenya muhogo, masikio yote yako kwao.

Shaame, mtoto wa ami yangu, karani wa bandarini Mkoani, akakohoa kama khatibu anayepanda mimbari. Akasoma:

“‘Mwalimu wangu, salamu. Tanganyika imepata uhuru, nami nimekata shauri niwe raia wa huku alikotoka baba yangu. Timu yao ya taifa imenichukua. Tena nimeoa. Mke wangu ni binti wa mwenye bucha hapa Tanga, mtaa wa Ngamiani. Mize mwoze umtakaye. Mimi Pemba sirudi.’ Basi, ami. Imekwisha.”

“Imekwisha?”

“Katia na sahihi.”

Kisu kikaniponyoka, kikanikata kidole. Damu ikatonea muhogo mweupe, nami sikusikia maumivu.

“Mize!” Baba aliita. “Umesikia?”

“Nimesikia, Baba.”

“Basi usilie kwa sauti. Majirani wasije wakadhani tumefiwa.”

Wajukuu zangu mnaosoma haya kwenye simu zenu, ngojeni niwaambie huyo mwenye barua, Jaribu, mchumba wangu, alikuwa nani. Mama yake ni Bi Mwanapili, wa hapa hapa Wambaa, kizazi kwa kizazi. Baba yake, Mabruki, alitoka Tabora kuja kuchuma karafuu, akaonja mchuzi wa Bi Mwanapili, asirudi. Jaribu akazaliwa na miji miwili kifuani. Tulisoma naye chuoni kwa baba yangu, yeye kwenye mkeka wa wavulana, mimi kwenye mkeka wa wasichana. Baadaye baba yangu akaniachia nisome skuli miaka minne, kisha nilipovunja ungo nikawekwa ndani. Dunia yangu ikawa ukumbi, jiko na ua wa makuti.

Jaribu yeye akawa beki. Acheni hawa wenu wa runinga wenye nywele za rangi! Alicheza peku, na fowadi akimfikia ni kama kafika mwisho wa kisiwa. Kampuni moja ya katani Tanga ikasikia sifa zake, ikamwita. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kupima robota za katani, lakini mshahara walimlipa kwa sababu ya miguu yake.

Posa yake baba yangu aliikubali kwa sharti moja. “Binti yangu simvushi bahari. Nenda, cheza, urudi umuoe hapa.”

Siku ya kuondoka kwake nilikuwa uani nafua. Nikasikia kikohozi upande wa pili wa makuti.

“Mize.”

“Nani?”

“Mwenye kuondoka.”

“Ondoka basi. Kwani umefungwa kamba?”

“Nimefungwa. Nitegee kitendawili kimoja nikapate cha kufikiri melini.”

Nikacheka, mikono imejaa povu. “Kitendawili!”

“Tega.”

“Nalinda mlango wa nyumba isiyo na chumba.”

Akasema, “Nimeshindwa. Nakupa mji.”

“Mji gani?”

“Tanga.”

“Tanga si yako bado, yakhe. Mtu hatoi mji wa watu. Nipe ulio wako nikutegulie.”

Nikasikia hatua zake zinakwenda, na mimi nikabaki na jawabu langu mdomoni.

Na baada ya miezi mitano, ndiyo hiyo barua.

Barua ya pili ilikuja katika mwezi wa Ramadhani. Baba akamwita tena Shaame. Safari hii sikusubiri pazia, nikatoka hadi mlangoni.

“Baba, nipe nisome mimi. Herufi za skuli nazijua.”

Baba akanitazama kama nimevua mtandio mbele ya wanaume.

“Binti asome barua ya mchumba wake mbele ya baba yake? Umeona wapi, Mize?”

“Lakini si mchumba tena, Baba. Si kaoa?”

“Ndiyo aibu mara mbili. Rudi ndani.”

Shaame akaipitishia macho barua, akaikunja. “Ni ile ile, ami. Anakumbushia tu.”

Nikarudi ndani. Na humo ndani ndimo mlimokuwa na mtego wenyewe. Huwezi kutoka, huwezi kuuliza, huwezi kuandika, maana barua yako itapita mkononi mwa nani? Zilikuwa siku za siasa pia. Watu wa kijiji kimoja hawaitikiani salamu, msiba wa huyu yule haendi, na mwenye baba wa bara anaulizwa makaratasi yake hata na watu waliocheza naye utotoni. Nilimsikia Shaame akimwambia Baba barazani:

“Mie nilikwambia, ami. Mtu wa bara ni wa bara. Damu yako ndiyo hii hapa mbele yako.”

Siku ya pili yake Baba alijibu. Nitaolewa na Shaame, Ijumaa ya pili ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani.

Somo yangu, yaani kungwi wangu, Bi Kijakazi, akaja kunisinga. Kila asubuhi ananipaka liwa na singo za kulainisha ngozi ya bibi harusi, na kila asubuhi machozi yanachora mistari usoni.

“Lia mwanangu, lakini lilia pembeni. Singo ghali hii.”

“Somo, mie sitaki.”

“Nani alitaka? Mie nilipelekwa kwa marehemu nalia mpaka nikapata kwikwi. Ikaja siku nikalia alipokufa.”

“Shaame akifa mie silii.”

“Haya, hilo usiliseme kwa sauti.”

Jumatatu ya wiki ya harusi nyumba ikawa inapakwa chokaa. Baba akanambia, “Shubaka ya ukumbini, hilo tundu la ukutani, itolewe vitu. Mna kurasa kuukuu za misahafu na juzuu za wanafunzi. Tia udhu, uzichague, nikazizike.”

Kwetu karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haitupwi, haichanwi, haifungiwi karanga. Ikichakaa inahifadhiwa, kisha inazikwa mahali pasafi. Nikatia udhu, nikakaa mkekani, nikaanza kuchagua. Juzuu ya Amma imeliwa na mchwa. Ukurasa wa Yasini. Na chini kabisa, barua mbili zilizokunjwa.

Juu ya kila barua Jaribu alikuwa ameandika Bismillahi kwa Kiarabu, kwa mkono aliofunzwa na baba yangu. Chini yake, herufi za skuli.

Nikasoma ya kwanza.

“Mwalimu wangu, salamu. Nimeandika kwa herufi za skuli makusudi, ili Mize akusomee, na sauti yake ipite juu ya maneno yangu. Unisamehe kwa ujanja huu. Huku wanataka niandikishwe raia wa Tanganyika ili nicheze timu ya taifa. Chama cha mpira cha Unguja nacho kimeniandikia kwamba nikitia sahihi huku, kwetu nisikanyage kiwanja. Huku naitwa Mpemba, huko naitwa Mnyamwezi. Nchi ninayoijua ni kile kisanduku cha chokaa mbele ya goli, na mpira ukimalizika nacho hufutika. Sitii sahihi mpaka nipate neno lenu, nisaini au nirudi. Mwambie Mize kitendawili chake bado ninacho.”

Hakuna mke. Hakuna bucha.

Ya pili ilikuwa fupi. “Neno sijapata. Siku ya kutia sahihi ni Alhamisi ya pili ya Mfunguo Mosi. Nikinyamaziwa mpaka siku hiyo, nitajua mlango umefungwa, nami nitasaini nisirudi.”

Alhamisi hii hii! Yeye kule siku tatu, mimi huku siku nne, na kati yetu bahari na mwongo mmoja.

Nikainuka. Baba alikuwa nyuma ya nyumba anakoroga chokaa.

“Baba, hizi kwa nini hukuzichana?”

Akageuka. “Nani kakupa ruhusa ya kuzishika?”

“Wewe. Ulisema nichague karatasi zenye jina la Mungu.”

Akaweka kijiti chini. “Mie sichani jina la Mungu kwa hasira zangu. Tena nimetazama ile herufi ya siini katika Bismillahi yake. Nilimchapa wiki nzima mpaka akaitia meno. Siini nzuri ile. Ndiyo maana iliniuma. Kijana niliyemfunza alifu, ananiandikia kwa herufi za serikali. Nikajua keshanitupa.”

“Hakukutupa, Baba. Aliandika hivyo ili nikusomee mimi.”

“Mize!”

“Na Shaame kakusomea uongo, chini ya jina la Mungu.”

Nilidhani atanipiga. Akajifuta chokaa vidoleni.

“Mwenye mapenzi husoma anachotaka,” akasema. “Nitajuaje kama na wewe husomi cha moyoni mwako?”

“Nipe karatasi unayoijua.”

Akaingia ndani, akatoka na hati ya shamba letu la Mgogoni, imeandikwa kwa herufi za skuli, naye aliijua kwa moyo kama Alhamdu. Nikamsomea. Mpaka wa kusini kijito. Mpaka wa mashariki mdoriani mkubwa. Jina la babu, jina la mashahidi. Kila neno alilifuata kwa midomo, kimya. Kisha nikamsomea barua, zote mbili, na macho yangu chini.

Baba alipomaliza kuswali alasiri akamtumia Shaame ujumbe aje.

Shaame kaja amevaa kanzu mpya, ananukia kama duka la Muhindi.

“Masalkheri, ami! Naona chokaa. Nyumba imekuwa bibi harusi yenyewe.”

“Masalkheri. Kaa. Kabla sijazizika karatasi hizi, nisomee ile barua ya mwanzo. Nataka niitoe moyoni.”

“Ya nini tena, ami? Yamepita hayo.”

“Nisomee tu, mwanangu.”

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia lile lile. Shaame akaifungua barua, akakohoa.

“‘Mwalimu wangu, salamu. Nimekuwa raia wa Tanganyika. Nimeoa huku, binti wa Kisambaa, baba yake ni fundi wa reli...’”

“Fundi wa reli?”

“Ndivyo alivyoandika.”

“Mara ya kwanza alikuwa na bucha Ngamiani. Ng’ombe wamekwisha?”

Bi Kijakazi, aliyejificha nami, akaniziba mdomo kwa kiganja chake, maana kicheko na kilio vilikuwa vinatoka pamoja.

“Ami, labda... mwandiko wake mbaya...”

“Mwandiko wake nimemfunza mie.”

“Ami, nilifanya kwa ajili ya ukoo! Utamwoza bintiyo kwa mtoto wa mchuma karafuu? Siku hizi za siasa? Watu watasemaje?”

“Watasema nilikuwa na mtoto wa ndugu yangu, nikampa macho yangu anisomee, akayatia mchanga.” Baba akasimama. “Kanzu yako nzuri, Shaame. Ondoka nayo, kisha usije tena mpaka nikuite.”

Hakuitwa.

Jumanne alfajiri Baba akaja mlangoni kwangu na kipande cha karatasi na kalamu ya risasi.

“Nakwenda posta Mkoani kupiga simu ya maandishi. Andika wewe. Sitaki kujua ulichoandika, ila lisiwe neno la aibu.”

Nikaandika: KITENDAWILI BADO. NIPE MJI. MIZE.

Baba akakitazama kikaratasi, amekishika juu chini. “Maneno machache.”

“Yanatosha, Baba.”

“Na kama keshasaini?”

Akapanda baiskeli yake, akaenda.

Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Alhamisi Baba akaenda tena Mkoani, na mimi nikakaa mkekani nahesabu kuku wa jirani, nikifika saba nasahau, naanza upya. Adhuhuri imekaribia ndipo niliposikia baiskeli inabwagwa nje. Akaingia ukumbini, akakaa, akaita:

“Mize! Njoo huku. Toka nje ya hilo pazia.”

Nikatoka. Akanikabidhi karatasi.

“Nisomee.”

“Mimi, Baba?”

“Wewe. Kwa sauti. Na jina lake ulitaje.”

Nikasoma, sauti inakatika: “NIMESHINDWA. NAKUPA WAMBAA. SIJASAINI. NAKUJA. JARIBU.”

“Rudia.”

Nikarudia.

“Tena hapo mwisho.”

“Jaribu,” nikasema. Baba akavuta kofia yake ikamfunika macho.

Ijumaa ile harusi haikuwa. Ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, chokaa bado nyeupe, bwana harusi ana begi moja na jozi ya viatu vya njumu alivyokuwa havivai. Kazi ya Tanga aliiacha, na mshahara wake. Akawa mkulima wa Mgogoni siku sita, beki siku moja. Timu ile ya katani ilipokuja kucheza Chake, wenzake wa zamani wakamzomea “Mpemba!”, na huku kwetu watu wakapiga kelele “Mnyamwezi, usituuze!” Alirudi jioni ile goti limevimba, hajafungwa hata moja.

“Unajuta?” nikamuuliza, namkanda kwa maji ya moto.

“Goti linajuta. Mie nimechoka tu.”

Siku nyingine nilimkuta amekaa uani kimya, macho upande wa bara. Niliujua huo ua, ulinifunga mie kabla yake.

Halafu, miaka miwili baadaye, tukasikia redioni kwamba Tanganyika na Zanzibar zimeungana, ni nchi moja. Jaribu alikuwa anapara samaki. Akacheka mpaka kisu kikamwanguka.

“Bi Mize! Nirudishie mji wangu. Walinambia nichague, kumbe wenyewe hawakuchagua!”

“Mji ukishatolewa haurudi.”

“Basi nipe jawabu. Nilikupa mji, na mpaka leo hujanitegulia.”

“Nalinda mlango wa nyumba isiyo na chumba,” nikasema. “Ni beki, golini kwake. Ni wewe.”

“Nilijua tangu siku ile uani.”

Nikamgeukia. “Ulijua? Mbona ulisema umeshindwa?”

Akaokota kisu, akaendelea na samaki wake.

“Ningetegua,” akasema, “ningekupa mji kwa sababu gani?”