Karai Lililooshwa

Jioni ile mke wangu alinituma karai. Lilikuwa karai lake la kufulia, na mimi nilikuwa nimeligeuza chombo cha kutafutia dhahabu bila kumuomba ruhusa.

"Nataka kuloweka nguo," alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Tajiri, hebu kalete karai langu."

Tajiri ndilo jina alilonipa tangu nilipoacha kazi ya kupaka rangi nyumba za watu nikaanza kuhangaika na vijito. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimeleta nyumbani mafua na magoti yaliyochubuka. Lakini alikuwa na mimba yetu ya kwanza, tuliishi chumba kimoja, na nilitaka mtoto akija akute kitu. Basi nikacheka naye, nikashuka kijitoni.

Karai nilikuwa nimeliacha mchana, mvua iliponikurupusha. Nililiacha na mchanga wake ndani, sijamaliza kuosha. Shemeji alikuwa amenionya kuhusu hilo.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Chimba nyuma ya mawe makubwa, pale maji yanapopunguza kasi. Jaza karai, litikise ndani ya maji, lizungushe, liinamishe kidogo kidogo. Chepesi kinakwenda na maji, kizito kinabaki. Mwishoni utaona mstari wa mchanga mweusi na, ukiwa na bahati, chembe ya njano pembeni yake. Hiyo unaibonyeza kwa ncha ya kidole, inanata, unaiweka kwenye chupa. Mchanga mweusi nao ni mzito, lakini hauna kazi. Unaumwaga.

"Na usiache karai na mchanga ndani," aliniambia. "Maliza kuosha, au mwaga wote."

"Kwa nini?"

"Wewe mwaga tu, shemeji."

Alikuwa mwembamba kama fito, lakini benchi letu lililia kila alipolikalia. Nilikuwa nikimtania kwamba amemeza nyundo. Hakuwahi kucheka. Aliishi peke yake. Watu walisema mkewe alimkimbia.

Nilipokaribia kijito nikaisikia sauti.

Shwaa... shwaa... shwaa...

Kuna mtu anaosha mchanga. Mwizi, nikasema moyoni, nikaongeza mwendo. Maji yalikuwa yamechafuka, na tope lilitokea pale pale nilipoacha karai. Nilipozunguka kichaka, sauti ikakatika.

Hapakuwa na mtu.

Karai lilikuwa juu ya jiwe, linachuruzika maji. Ndani mlikuwa na mstari mweusi tu, na pembeni yake chembe ya dhahabu kubwa kama punje ya mchele. Palinuka chuma kilicholowa. Nywele zilinisimama, lakini kidole kilikuwa kimeshafika. Nikabonyeza. Ikanata.

Kesho yake niliacha tena mchanga kwenye karai. Makusudi.

Tusidanganyane, nani asingeacha? Nilikuwa najaza karai jioni, narudi asubuhi kuchukua changu. Chupa ikaanza kujaa. Mke wangu akawa ananiita Tajiri huku akinishika shavu. Tulizungumzia kitanda cha mtoto, tukazungumzia chumba cha pili. Nilikuwa na furaha, siwezi kukataa.

Kisha cherehani ikagoma. Nilimkuta ameweka miguu yote miwili juu ya pedali, anakanyaga hadi jasho linamtoka.

"Imekwama," alisema.

Nikaweka mguu wangu mmoja. Gurudumu likazunguka kwa kasi hadi uzi ukakatika.

Kliniki, muuguzi alimpandisha kwenye mizani. Mshale haukusogea. Muuguzi akaigonga mizani, akapanda yeye mwenyewe, mshale ukaruka. Akashuka, akampandisha tena mke wangu.

Mshale ukalala palepale.

"Mizani hii nayo," alisema muuguzi. Lakini alikuwa akilitazama lile tumbo, na mkono uliokuwa unaandika ulikuwa umesimama.

Njiani palikuwa na tope. Nikageuka kuangalia tulikopita. Nyayo zangu zilikuwa zimezama sana, kama za mtu aliyebeba gunia.

Za mke wangu hazikuwepo.

Nilimfikisha nyumbani, nikakimbia kwa shemeji. Alinitazama mlangoni na kujua.

"Uliacha mchanga," alisema.

"Ni nani yule?"

"Sijui. Sikuwahi kumwona, nilimsikia tu." Alinong'ona kana kwamba kuta zina masikio. "Anaanza na karai. Akishauzoea mkono wako... anakuja kuosha nyumba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia usiache."

"Hukuniambia kwa nini!"

"Ningekuambia kuna anayeosha bure, ungeacha mchanga siku ileile. Mimi nilipoambiwa, niliacha siku ileile."

Nikamuuliza mbona yeye hakuchukuliwa. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, na nikatamani asingecheka.

"Mimi nilibaki mchanga mweusi, shemeji. Akanitazama, akanimwaga." Kisha akanishika mkono. "Mfunge dada yangu kwenye kitu kizito. Kimbia. Mimi miguu yangu hainifikishi."

Nilipita kijitoni nikaimwaga chupa yote majini. Nikaomba msamaha kwa sauti, nikalia. Dhahabu ilizama, na hakuna aliyenijibu.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Mke wangu alikuwa kitandani, ameng'ang'ania ubao kwa mikono miwili.

"Mume wangu, naogopa kusimama."

Nilimfunga kiunoni kwa kanga, nikaifunga kanga kwenye mguu wa cherehani, chuma kitupu.

"Kaza," alisema.

"Nimekaza."

"Kaza tena."

Shwaa...

Ilitoka nyuma ya ukuta. Kisha ukuta wa pili. Kisha ikawa inatuzunguka.

Shwaa... shwaa...

Sakafu ikainama kuelekea mlangoni. Taratibu, bila papara, jinsi nilivyofundishwa. Vitambaa vilitangulia, vikafuata vinguo vya mtoto alivyokuwa ameshona. Hapakuwa na tone la maji chumbani, lakini nywele za mke wangu zilikuwa zinaelea.

Akainuka kitandani bila kusimama.

"Nishike!"

Alikuwa karibu, hatua moja tu. Niliuambia mguu wangu uinuke. Haukuinuka. Niliinama nikauvuta kwa mikono, na sakafu ikapasuka chini ya unyayo, nikazidi kudidimia. Nilinyoosha mkono mpaka bega likalia. Vidole vyetu vikagusana, na vyake havikuwa na uzito wowote.

"Usiniache," alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama anavyosema mtu anayekuamini.

Kanga haikufunguka. Fundo lilibaki vilevile nilivyolikaza, yeye akalipita. Alivuka kizingiti mkono ukiwa tumboni, na macho hayakuniacha mpaka mwisho.

Majirani wanasema mke wangu amenikimbia. Siwakatalii, niseme nini? Chumbani vimebaki vizito tu: cherehani, nyundo na mimi. Jioni jioni shemeji hujikokota hadi hapa, tunakaa sakafuni kwa sababu benchi halituwezi tena.

"Omba umwagwe," huniambia. "Ukimwagwa, utaishi."

Nilidhani ni heri nichukuliwe, nimfuate. Kisha nikakumbuka kazi ilivyo. Chepesi kilikwenda na maji. Kizito huwekwa kwenye chupa. Popote nitakapopelekwa, yeye na mtoto hawatakuwepo.

Jana jioni nilikuwa peke yangu, mgongo ukutani. Pakanuka chuma kilicholowa. Kitu kama ncha ya kidole kikanigusa juu ya bega, kikubwa, baridi, kimoja tu. Kikabonyeza polepole.

Kilipoinuka, ngozi ya bega langu iliinuka nacho.