Mashine Aliyoiacha Yunia

Kila jioni baada ya masomo, Caren hakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliagana na wenzake kwenye njia panda ya Kiptere, akapita kando ya shamba la majani chai la baba yake, akaingia katika kiwanda kidogo cha kufuma sweta kilichokuwa nyuma ya maduka. Aliwasalimu wafumaji wote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, kisha akatua mkoba na kuchukua kitambaa. Alipangusa mashine iliyokuwa karibu na dirisha, akaifunika tena kwa shuka, akaketi kwenye kiti cha mashine hiyo na kufanya kazi aliyopewa na walimu. Alikaa hapo hadi mama yake mdogo, Sally, alipofunga kiwanda.

Mashine hiyo ilikuwa ya mama yake, Yunia. Tangu Yunia afariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, mwanzoni mwa mwaka wa 1996, hakuna mtu mwingine aliyeitumia.

Yunia alikuwa mfanyabiashara aliyeheshimiwa sana. Alianza kufuma peke yake katika chumba cha kukodi, akaendelea hadi akawa na wafanyakazi wake, na watoto wa shule kutoka Sigowet mpaka Siongiroi wakavaa sweta zake. Wenye maduka walimchagua kuwa mwenyekiti wao, na kila muhula wake ulipokwisha walimrudisha. Sweta iliyokosewa aliifumua, hata kama mnunuzi hangeliona kosa. Mfanyakazi akiugua, alimpeleka zahanati yeye mwenyewe na kumwambia asirudi kazini kabla hajapona. Siku ya Ijumaa alishika birika akawamiminia wafanyakazi wake chai, kuanzia aliyeajiriwa karibuni. Alipozikwa mvua ilikuwa ikinyesha, lakini watu walijaa uani hadi wengine wakasimama katikati ya michai.

Caren alisikia sifa hizo mara nyingi, na zilimfurahisha. Lakini aliyokuwa na hamu nayo yeye ni mambo madogo. Alitamani kusikia harufu ya sufu kwenye leso ya mama. Alitamani kuulizwa tena kama amekula shuleni. Akiketi kwenye kile kiti cha dirishani, aliona kana kwamba mama amekwenda Kericho mjini kununua uzi, na kwamba gari likichelewa, atafika tu.

Mwezi wa Juni, Mwalimu Arasa, aliyeongoza shule moja ya msingi upande wa Sigowet, aliagiza sweta za wanafunzi wake. Alizitaka kabla ya baridi kali ya Julai. Wafumaji wakaanza kazi kwa bidii. Ghafla mashine ya Charity ikavunjika. Fundi aliitazama, akatikisa kichwa, akasema kipuri chake kingetoka Nairobi na kingechukua muda.

Charity alikuwa mfumaji hodari kuliko wote. Asili yake ilikuwa Nyeri, na watu walimwita Mama Shirley, kwa jina la binti yake. Shirley na Caren walikuwa darasa la saba, wakiketi dawati moja.

Jioni hiyo Sally alichuchumaa kando ya kiti cha Caren.

"Caren, nataka Mama Shirley aitumie mashine hii mpaka yake itengenezwe."

"Hapana, Mama mdogo. Hii ni ya mama."

"Najua ni ya mama. Mama yako alikuwa dada yangu."

Caren aliikumbatia ile mashine kwa mikono miwili, akalia. Machozi yakamlenga Sally naye. Charity ndiye aliyesema mtoto aachwe. Alichukua sindano na uzi, akaenda kuketi kwenye benchi la mlangoni, akaanza kushonea mikono ya sweta ambazo wengine walikuwa wamefuma.

Wafumaji walilipwa kwa kila sweta waliyofuma. Kazi ya kushonea mikono ilikuwa na malipo madogo. Caren hakuliwaza jambo hilo, kwa sababu moyo wake ulikuwa umejaa jambo moja tu.

Juma lililofuata nafasi ya Shirley darasani ilikuwa tupu. Caren alidhani anaumwa. Siku ya tatu, alipokuwa akirudi kutoka shuleni, alimwona katika shamba la jirani, kikapu mgongoni, akichuma majani chai pamoja na vibarua. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa baridi. Caren alimwuliza kwa nini haji shuleni. Shirley alieleza kwamba mapato ya mama yake yalikuwa yamepungua, kwa hiyo alikuwa akimsaidia mpaka mashine yao itengenezwe. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu walikuwa wamefika wapi katika hesabu, na kama Caren angemwazima daftari Jumapili kanisani.

Caren alienda nyumbani bila kupitia kiwandani. Usiku hakula vizuri. Baba yake, Mzee Kiplangat, alimwuliza kama ni mgonjwa, naye akasema hapana.

Jumamosi asubuhi alifika kiwandani mapema. Charity alikuwa tayari kwenye benchi la mlangoni, amejifunga shali shingoni.

"Chamgei, Caren," alimsalimu kwa Kikipsigis, kama alivyozoea.

"Chamgei, Mama Shirley." Caren akasimama kidogo, akichezea kifungo cha sweta yake. "Mbona hukuninung'unikia?"

Charity alitua sindano, akamsogezea nafasi akae karibu naye. Kisha akamsimulia jambo ambalo Caren hakuwahi kulisikia.

Miaka minne iliyopita, wakati wa zile vurugu za kikabila, nyumba ya Charity ilichomwa. Alikimbia usiku akiwa amemshika Shirley mkono, wakalala kanisani siku nyingi. Hali ilipotulia alizunguka akitafuta kazi, na kila alipogonga aliambiwa hakuna. Alipofika kwa Yunia, mashine zote zilikuwa na watu. Yunia alimtazama, akasimama kutoka kwenye ile mashine ya dirishani, akamwambia, "Keti hapa." Yeye akachukua sindano, akaja kuketi kwenye benchi hili hili la mlangoni. Alishonea mikono miezi mingi, mpaka alipoweza kumnunulia Charity mashine nyingine, ndipo akarudi dirishani.

"Wako waliokasirika," Charity alisema. "Mnunuzi mmoja alimwuliza kwa nini amempa mgeni kiti chake. Mama yako akamjibu, 'Hapa kazini hatumuulizi mtu ametoka wapi. Tunamuuliza kama atafanya kazi yake vizuri. Naye ana haki ya kutuuliza kama tutamtendea vyema.' Yule mtu akaondoka. Mama yako akaendelea kushona."

Caren alilitazama lile benchi walilokalia. Alijaribu kumwona mama yake hapo, kwenye upepo wa mlangoni, akiinama juu ya mikono ya sweta. Miezi yote hiyo alikuwa akimtafuta kule dirishani. Akaegemea bega la Charity, akalia, naye Charity akamwacha alie mpaka akatosheka.

Kisha Caren akainuka, akaenda akalitoa lile shuka, akalikunja. "Mama Shirley, tafadhali keti hapa," alisema.

Jumatatu Shirley alirudi shuleni. Caren alimweleza hesabu zote alizokosa, na jioni wote wawili walikwenda kiwandani, wakakunja sweta na kuzifunga mafurushi. Kazi ya Mwalimu Arasa ilimalizika baridi ikianza tu. Sally alizipeleka sweta kwa gari la kukodi, akamchukua Caren waende pamoja.

Huko Sigowet ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye uwanja wa shule. Watoto wadogo walipanga foleni wakitetemeka. Kila aliyevaa sweta yake alitoka mbio, akijitazama mikono na kifua. Caren aliwatazama, akamkumbuka mama yake.

"Laiti angewaona," alisema.

Sally alimvuta karibu. "Hata mimi namlilia, mwanangu, na kumlilia si kosa. Lakini mama yako hakuheshimiwa kwa ajili ya vitu alivyokuwa navyo. Aliheshimiwa kwa jinsi alivyowatendea watu aliofanya nao kazi. Tukifanya kazi yetu kwa uaminifu, tukamjali kila mmoja wetu, watu wataendelea kumjua hata wale ambao hawakumwona."

Caren alifuta macho. Mbele yao msichana mdogo wa darasa la kwanza alikuwa akihangaika, kichwa kimekwama ndani ya sweta. Caren alipiga magoti kwenye nyasi zenye umande, akamsaidia kukitoa, akamnyooshea kola, akamuuliza kama amekula.