Tundu la Hewa

Rafiki yangu Nerima, msanii wa udongo na shanga za vioo kule Kayole, si mtu wa kuamini mashetani. Lakini hili alinisimulia yeye mwenyewe.

Jirani yake Nduta alimwomba amfinyangie sanamu ya kichwa cha marehemu mama yake, aliyefariki kwa pumu. Nerima akakifinyanga, chenye uwazi ndani, midomo imefumbwa, akakitia kwenye tanuri la makaa. Moto ulikuwa umeshakolea alipokumbuka kwamba hakutoboa tundu la hewa. Kichwa cha aina hiyo kisipotobolewa hupasukia motoni, kwa kuwa hewa ya ndani hupanuka ikakosa pa kutokea.

Jioni Nduta alikuja karakanani kuulizia. Mara stima ikapotea, na kwa kuwa tanuri lilikuwa limefungwa, karakana isiyo na dirisha ikawa giza tupu. Ndipo wakasikia, kutoka tanurini, mtu akivuta pumzi kwa taabu. Kifua kinapiga filimbi, kinakwama, kinavuta tena.

"Ni mathe," Nduta akanong'ona. "Ndivyo alivyokuwa akipumua. Mfungulie!"

"Siwezi, Nduta. Hewa baridi ikimwingia sasa, atapasuka."

Nduta akapiga magoti akilia. Nerima akamshika mkono. Pumzi zikazidi kukawia, kisha kimya.

Asubuhi tanuri lilipopoa, walikitoa kichwa kikiwa kizima. Katikati ya midomo palikuwa na tundu. Nerima akalipapasa. Kingo zake zilikuwa zimebinuka kuja nje, kama udongo mbichi uliosukumwa na kidole kutoka ndani.