Pumzi Kabla ya Sahani

"Shoga, hivi mumeo akifunga karakana hupitia wapi?"

Jirani aliuliza swali hilo akiwa mlangoni, mkononi ana blauzi ya kupigwa pasi. Mtaa mzima ulimwita Redio. Habari ikimwingia haikulala.

Mke wa fundi hakuinua macho. Alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti na madirisha.

"Anakuja nyumbani," alijibu. "Apitie wapi tena?"

"Haya. Nimeuliza tu. Karakana inafungwa jua lingali juu. Hapa anafika jua limezama, tena amelowa jasho. Mimi simo!"

Redio akaacha blauzi, akaenda zake. Swali likabaki.

Fundi alikuwa mlevi kwa miaka mingi. Sasa alisema ameacha. Lakini aliwahi kusema hivyo tena na tena, na kila kiapo kiliyeyuka. Safari hii mkewe alimwambia, "Ukinywa tena, nachukua watoto naenda kwa kaka yangu. Sitarudi." Begi la nguo za watoto lilikuwa tayari juu ya kabati. Kila mtu nyumbani aliliona.

Mke alikuwa na sheria yake. Fundi akirudi jioni, hakupewa chakula kwanza. "Toa pumzi," mkewe alimwambia. Fundi alifungua kinywa, mke akanusa. Akiridhika, ndipo sahani ililetwa. Hata mtoto wao mdogo alizoea. Akitoka kucheza, alisimama mbele ya mama yake na kupuliza. "Haaa! Mama, sijalewa. Nipe chakula."

Jioni ile, pumzi ya fundi ilinuka chungwa.

Mke alishtuka. Zamani, fundi akitoka kunywa, alitafuna maganda ya machungwa ili kuficha harufu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Umekula nini?"

"Chungwa."

"Chungwa tu?"

"Chungwa tu, Mama Watoto."

"Basi tungoje lishuke. Nitanusa tena."

Chakula kilifunikwa. Fundi alikaa akiitazama ile sahani. Akawafokea watoto bure. Mara akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akaketi. Mke aliyaona yote, akayaweka moyoni. Mtu safi hana hasira hizi, alijiambia.

Asubuhi alichukua lile shati la jana. Kabla ya kulifua, alilipitishia pasi. Pasi ya moto haifichi kitu. Ikigusa nguo yenye jasho, harufu huinuka, na dobi hujua siri za mtaa mzima. Alinusa. Jasho. Vumbi la chuma. Pombe hakuna.

Angefurahi. Lakini aliwaza, labda huvua shati kwanza. Mwenye shaka hakosi jibu.

Alasiri alichomoa pasi, akajitanda mtandio, akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa duka. Alimwona mumewe akifunga karakana. Fundi alifika njia panda. Kulia kulikuwa na baa yake ya zamani. Kushoto ni nyumbani. Yeye akanyoosha mbele.

"Anazungukia mlango wa nyuma," mke alinong'ona. "Ee Mungu, nilijua."

Akamfuata. Fundi aliipita baa mbali, akashika njia ya uwanja wa shule. Pale alisimama mwanamke mwenye raba nyeupe. Walisalimiana wakicheka. Yule mwanamke akatoa chungwa mkobani, akampa.

Damu ilimpanda mke kichwani. Akatoka mafichoni.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe si pombe. Ni mtu!"

Fundi aliganda, chungwa mkononi. Nyuma yake akatokea dereva mmoja mstaafu, mwenye kitambi, akihema. Wengine wawili walimfuata.

"Dada yangu," dereva alisema, "kama ni fumanizi, tufumanie sote. Sote tumemfuata mwanamke huyuhuyu."

Yule mwanamke alimpa mke mkono. "Shikamoo, dada. Mimi ni muuguzi wa zahanati. Hawa wote wanajitahidi kukaa bila pombe. Tunatembea pamoja."

"Marahaba. Tangu lini kutembea kukaponya ulevi? Walevi wangapi wanatembea usiku kucha!"

Muuguzi alicheka. "Wale wanaifuata pombe. Hawa wanaipita. Na usemalo ni kweli. Kutembea peke yake hakuponyi, wala chakula peke yake. Vinasaidia tu. Unakumbuka siku alizosema ana homa?"

"Nakumbuka. Sikumwamini."

"Alikuwa anaacha pombe. Tulimpima, tukampa dawa, tukamwangalia kila siku. Aliyezoea kunywa kila siku asiache ghafla peke yake. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka na kukakamaa, hata kufa. Aje kwanza zahanati."

Mke alimtazama mumewe. Kisha akalitazama lile chungwa. "Na hili?"

"Hamu ya pombe huja saa ya mazoea," alisema muuguzi. "Kwake ni saa ya kufunga kazi. Saa hiyo tumbo ni tupu. Njaa na hamu ni kama mapacha, mtu huwachanganya. Akila tunda, akanywa maji, akatembea kwa haraka, ile hamu hupungua, hupita. Moyo hutulia. Na usiku hupata usingizi. Lakini hatukimbizani. Kifua kikibana, mtu asimame, aseme."

"Nyumbani je?"

"Pombe ilimla mwili. Sasa mwili ulishwe. Asubuhi asitoke bila kula. Maharage, mayai, samaki, mboga za majani, matunda, na wali au viazi vya kumshibisha. Asikae na njaa muda mrefu. Jioni akifika tu, ale. Anakula akifika, siyo?"

Mke alimtazama fundi. Fundi alitazama viatu vyake.

"Anangoja," mke alisema taratibu.

"Anangoja nini?"

Mke alivuta mtandio usoni, akageukia njia ya nyumbani.

Fundi akamfuata. Njiani mke akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuapia mara ngapi? Viapo vyangu vimekuchosha. Nilitaka uone kwa macho."

"Nione machungwa?"

Fundi hakucheka. "Jana ulipofunika sahani," alisema, "niliinuka ili nitoke. Na nilijua nitakwenda wapi."

Mke alipunguza mwendo. Hilo hakuwa amelinusa.

Kuanzia siku ile sheria ilibadilika. Sahani ilikuja kwanza.

"Pumzi sijaifuta," mke alimwambia. "Mungu husamehe mara moja. Mimi nasamehe kidogo kidogo."

"Nimekubali," fundi alisema, mdomo umejaa maharage.

Asubuhi alikula uji na yai. Mchana alibeba viazi na mboga. Kuna jioni hamu ilimbana sana, akaenda kumgongea muuguzi. Kuna jioni alinuna. Lakini hakufoka tena mbele ya sahani. Alianza kulala mpaka kukoroma. Mikono iliacha kutetemeka, na mshono wake wa kuchomelea chuma ukanyooka. Mteja aliyekuwa amemkimbia alirudi na geti. Mke bado alipitisha pasi juu ya shati kabla ya kulifua. Jasho tu. Siku moja watoto walikuta nguo zao zimerudi kabatini, na begi halipo juu tena.

Kisha Redio akaja kuchukua gauni lake.

"Shoga," alinong'ona, "nimemwona mumeo anazunguka uwanjani kama aliyepoteza funguo. Na kuna mwanamke! Wewe unajua?"

Mke alichomoa pasi. Akakunja gauni, akampa mwenyewe. Akafunika maharage yaliyoiva. Akavaa raba, akachukua machungwa mawili kapuni.

"Shoga, nakuuliza! Na wewe unakwenda wapi?"

Mke akampita pale mlangoni, akashika njia ya uwanja wa shule.