Buti za Kupandia Milima

Buti zilikuwa zimelowa tena. Adolphine alizikuta juu ya rafu ya korido, zimepangwa vizuri kama alivyoziacha jana, ila maji yalikuwa yanadondoka kwenye saruji na kufanya kidimbwi. Mvua haikuwa imeonekana mjini Kolwezi tangu Aprili, na sasa ilikuwa Julai, vumbi la mtaa wa Dilala linaingia mpaka kwenye sukari. Akanusa buti moja. Ilinuka shaba, kama sarafu iliyokaa mdomoni. Akazikausha kwa kitambaa, asimwambie mtu. Moyo wake ulikuwa umejaa hasira, na woga haukupata pa kukaa.

Nyumba ilikuwa ya Lucien, muuzaji wa vipuri vya malori, mojawapo ya zile nyumba za zamani za migodi zenye korido ndefu. Adolphine alikuwa mpishi wao. Tangu Februari, Lucien na mkewe Brigitte walikuwa hawana habari nyingine ila safari yao ya Uswisi: siku nane za kutembea kwa miguu katika milima ya Alpi, kutoka ziwa moja hadi jingine. Lucien aliichapisha programu nzima akaibandika kwenye mlango wa jikoni, kila siku na ziwa lake na kilometa zake, na ya nane ikiwa ya kuogelea ziwani. Hakuna mgeni aliyekunywa bia katika nyumba ile bila kusimamishwa mbele ya mlango huo na kusomewa.

Sasa, buti mpya za mlimani zinauma kisigino. Lucien alilijua hilo, na hakuwa na nia ya kuumwa yeye. Mlinzi wa geti lake alikuwa Ngoy, mdogo wake Adolphine, mwanaume wa miaka thelathini na moja mwenye mke, na mguu wake ulikuwa namba arobaini na tatu kama wa bosi.

"Utavala wee mbele, bilatu bilainike," Lucien alimwambia, akimkabidhi viatu hivyo. "Ufuate programu vile iko ku mulango. Na ukinichafulia, utaniona."

"Ndiyo, patron."

Basi kila asubuhi Ngoy akapanda remblai, ile milima ya udongo wa mgodi iliyorundikwa nje ya mji, akazunguka machimbo ya zamani yaliyojaa maji ya buluu. Jioni alirudi, akatia alama ya mkaa kando ya siku hiyo kwenye programu mlangoni. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano.

Siku ya sita iliandikwa: kulizunguka ziwa, kilometa kumi na nne. Jioni hiyo Ngoy hakurudi. Mlinzi wa machimbo alikuta kofia yake inaelea majini, na buti ziko ukingoni, zimefutwa nusu, kamba zimeingizwa ndani kwa adabu. Adolphine alielewa palepale. Mdogo wake alikanyaga tope, akaogopa maneno ya bosi, akavua buti asizidi kuzichafua, akashuka kwa miguu mitupu kulowesha kitambaa azifute. Mteremko ukamchukua.

Buti zilirudishwa nyumbani. Ngoy hakurudishwa.

Wenye machimbo walisema watatuma wapiga mbizi ikiwa mtu aliyemtuma Ngoy pale ataandika kwamba alimtuma. Ni hilo tu. Adolphine alimpelekea Lucien karatasi na kalamu mezani.

"Alivula bilatu," Lucien alisema, anakata nyama. "Mutu anavula bilatu ju ya kuoga. Alienda kuoga, ile ni mambo yake. Mi sikumutuma. Nikiandika, polisi bananifungia pasiporti. Tutaona kisha vakansi."

Kisha vakansi! Wiki tatu zilikuwa zimepita, kilio hakifungwi kwa sababu hakuna maiti, Myriam mke wa Ngoy bado amelala chini kwenye mkeka, na mtu huyu anasema mpaka likizo yake iishe. Adolphine alirudi jikoni akakamua kitambaa cha sahani mpaka vidole vikamuuma.

Siku ile ile Adolphine alipozikausha buti asubuhi, hatua zilianza saa sita mchana. Jua lilikuwa kali, mji umetulia. Kwanza ilikuwa tap, tap, mwisho wa korido, hatua za mtu mzito asiye na haraka. Brigitte akadhani ni mume wake, naye Lucien, kitandani, akadhani ni Adolphine. Kisha hatua zikageuka, zikarudi, zikapita mlango wa chumba cha kulala, zikapita sebule, zikafika jikoni ambako Adolphine alikuwa amesimama na kisu mkononi na hakuona mtu, aliona tu saruji inalowa, alama moja ya soli, halafu nyingine, zikimpita karibu kabisa na ile harufu ya shaba, zikageuka mbele ya programu na kurudi zilikotoka, na tena, na tena, saa moja, saa mbili, saa tatu, mpaka Brigitte akawa analia, uso kwenye mto wa kulalia, na Lucien amejifungia anaongeza sauti ya televisheni. Mwishowe zilisimama karibu na rafu. Ikasikika kamba inafunguliwa, polepole, tundu kwa tundu. Kisha hatua mbili za miguu mitupu.

Halafu kimya.

Kesho yake saa sita zilianza upya. Adolphine alizihesabu, akatazama programu mlangoni. Zilikuwa kilometa kumi na nne.

Siku ya tatu Brigitte alimleta Mama Jémima, mwombezi wa mtaa wa Manika anayejulikana kwa kufukuza pepo. Mama huyo aliingia na kelele zake zote, akakemea, akapiga makofi, akamwaga maji ya chumvi pembe nne za korido. Hatua zilimpita bila kumjali. Mama Jémima akashusha mikono. Akavua viatu vyake.

"Uyu haiko pepo," alinong'ona. "Uyu iko ku kazi. Mutu alimutuma, na ile mutu anakana. Atarudia ile kazi tu, mupaka mwenye kumutuma aseme: ni mi. Mi siwezi kufukuza mufanyakazi wa mutu."

Wote wakamgeukia Lucien. Lucien akacheka, ingawa jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Ndege yetu ni Alhamisi," alisema. "Mi sina wakati ya bitu ya bujinga."

"Sema, patron!" Adolphine akapasuka. Miaka saba hakuwahi kupaza sauti katika nyumba ile. "Neno moja tu! Ndugu yangu iko mu maji sawa mbuzi, na wee unapanga masanduku! Sema!"

"Ukiendelea, utafuata ndugu yako nje ya geti."

Alhamisi Lucien alizifunga buti zile ndani ya sanduku, maana zilikuwa zimelainika sana. Saa sita mchana korido ilikuwa kimya. Adolphine alikaa peke yake mbele ya mlango wa jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi hasira yake haiko peke yake, imepanda ndege pamoja na buti.

Siku ya sita ya matembezi yao, simu yake ililia. Alikuwa Brigitte, sauti chini kabisa, upepo mwingi nyuma yake.

"Adolphine, mama... Siku ya sita ni kilometre ngapi?"

"Kumi na ine."

"Lucien alimalizaka zamani. Alizunguka ziwa, akarudia kuzunguka. Namuita, hanisikii. Miguu iko inatoka damu. Sasa amesimama pa maji." Akavuta pumzi. "Adolphine, iko anafungua kamba."

Adolphine alisikia upepo wa milima asiyoijua. Alifikiri kukata simu. Alilifikiri kweli, na halikumtisha.

"Wekea yeye telefone ku kinywa," alisema mwishowe. "Aseme mu message vocale, na jina yote ya Ngoy. Mbio!"

Ujumbe ulifika baada ya dakika moja. Sauti ya Lucien ilikuwa ya mtu anayetetemeka kwa baridi: "Ngoy Ngeleka. Mi njo nilimutuma. Mi njo nilimutuma kule." Nyuma ya sauti, hatua mbili za miguu mitupu majini. Kisha Brigitte anapiga kelele, na miguu inarudi nchi kavu.

Adolphine aliupeleka ujumbe huo machimboni siku hiyohiyo, wakaukubali badala ya karatasi. Ngoy alitolewa Jumamosi. Jioni ya mazishi, Adolphine aliingia jikoni kwa Lucien kuchukua vyombo vyake, akakuta alama mpya ya mkaa mlangoni, siku ya sita. Akalia, akashukuru.

Hapo pangekuwa mwisho. Lakini Lucien alirudi, akaja kwenye kilio na suti yake na miguu iliyofungwa bendeji, akakaa na wanaume. Adolphine, anagawa chai, alimsikia anamwambia jirani, pole pole, kwa masikitiko: "Nilisema vile ju ya kusaidia familia. Kijana alipenda tu kuoga."

Kikombe kilimponyoka Adolphine. Akaokota vipande, akaendelea kugawa chai.

Siku mbili baadaye Brigitte alifika kwake kwa pikipiki ya taxi-moto, kichwa wazi. Adolphine alikuwa anafua nguo za matanga.

"Lucien anatembea," Brigitte alisema. "Jana saa sita ya muchana aliamuka mu usingizi, akatembea mu korido, miguu mutupu, kilometre kumi na moja. Ya siku ya saba. Na jioni alama ilikuwa ku mulango. Adolphine, siku ya munane ni kuogelea mu ziwa. Sasa ni saa tano. Nakuomba, kuya utoe ile karatasi ya programu. Mi nikiigusa, mukono inakataa."

Adolphine alikamua shati la mdogo wake, akalitundika kambani, akainyoosha mikono ya shati vizuri.

"Mi sikuibandika, mama," alisema, na akainama kuchukua nguo nyingine.