Mchumba Aliyejua Kijapani

"Hili jina umeliandika wewe?" mama bosi aliuliza, karatasi ikining'inia vidoleni.

"Ni mchumba wangu, mama. Anajua Kijapani," binti akajibu kwa majivuno.

Ofisi yao ilichapa maboksi ya kibodi za kompyuta. Haya yalikuwa ya kwenda Japani, na juu yake palitakiwa jina la mgeni aliyebuni mpangilio wa herufi, na neno lenyewe "mpangilio wa kibodi", vyote kwa Kijapani.

"Mteja amepiga simu. Jina la mtu wa watu limetafsiriwa kimaana likawa 'mhunzi'. Wajapani wenyewe jina la mgeni huliandika kwa sauti yake, hawalitafutii maana. Na hiyo kibodi imekuwa kinanda cha kupiga muziki. Maboksi yote yameshachapwa, mwanangu."

Binti akatamani ardhi ipasuke. Akatoka nje ya ofisi, akampigia mchumba wake, fundi kompyuta.

"Ulisema umesoma Kijapani."

Upande wa pili bisibisi ikawekwa mezani.

"Nakuuliza wewe."

"Nilitafsiri kwa simu."

"Na zile salamu ulizowamwagia wajomba siku ya posa?"

"Nilikariri. Walikuwa wananitazama kama kapi lisilo na punje, nami nilitaka nionekane mtu."

Akakata. Ujumbe ukaingia: "Nakuja hapo."

Akajibu: "Usije. Utanizidishia aibu."

Fundi akaja. Ovaroli lake lina vumbi, ofisi nzima inamkodolea macho.

"Mama, huyu hana kosa. Mwongo ni mimi. Kijapani sijui hata cha kuombea maji."

"Kosa lake ni kujisifia asichokijua," mama bosi akasema. "Kazi atabaki nayo. Lakini mteja mtamwomba radhi nyote wawili, mbele yangu."

Wakampigia mteja simu, wakaomba radhi, mama bosi akisikiliza.

Nje, binti hakumtazama usoni.

"Fundi ningeolewa naye. Aliyeniposa ni msomi wa Kijapani, kumbe hayupo."

"Basi uchumba wa huyo msomi uvunjike. Nije kuposa mimi, fundi."

"Kwa wajomba wale wale?"

"Wale wale."

"Na uanze na huu uongo?"

"Nitaanza nao."

Akaenda, akasema yote. Wajomba wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akamwambia, "Hebu tusalimie tena, Mjapani." Fundi kainama, masikio yanamuwaka, lakini hakuondoka.

Mama wa binti akawanyamazisha kaka zake.

"Mwenye kuona haya kiasi hiki na bado amekaa, huyo ni mtu. Mpeni mke wake."