Niliwaambia Miguu Imerudi

Nina umri wa miaka ishirini na sita, nimesoma mpaka kidato cha nne, na kuanzia kiunoni kwenda chini sihisi kitu. Ninaandika nikiwa nyumbani kwa baba yangu hapa Nyanga, Bukoba. Mkitaka kunihurumia, subirini kwanza mfike mahali nilipodanganya.

Niliolewa Muleba, upande wa Rubya, na mwanamume niliyempenda, Deogratias. Tulijaliwa binti mmoja, Kokugonza. Wakati ule kila kaya ilitoa mtu wa kwenda shamba la pamoja la kijiji cha ujamaa. Siku ya zamu yangu, lori lililotubeba lilipinduka kwenye mteremko. Wenzangu waliinuka wakajikung'uta vumbi. Mimi nilibaki chini, nikiitazama miguu yangu kama ya mtu mwingine...

Nililala hospitali miezi mingi. Siku moja mguu wa kulia uliruka wenyewe ukapiga shuka teke. Nililia kwa furaha. Lakini sista aliyekuwa akinihudumia alikaa kitandani pangu akanieleza bila kuzunguka. Uti wa mgongo umeumia, amri ya kichwa haifiki tena miguuni, misuli inajikaza na kuruka yenyewe. Itaruka nikipigwa na baridi, kibofu kikijaa, au nikiwa na kidonda nisichokihisi.

"Hiyo si dalili ya kutembea, binti yangu," alisema. "Na wa nyumbani uwaambie hivyo hivyo."

Sikuwaambia.

Kwa nini? Kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshauliza, mbele yangu, kibanja, shamba letu la migomba, kitapaliliwa na nani. Ninyi wa kwetu mnajua swali hilo lina maana gani. Mke ndiye anayepalilia, anayepanda maharage chini ya migomba, anayekata nyasi za kutandika ndani ya nyumba. Asiyeweza anarudishwa kwao, na mtoto anabaki, maana mtoto ni wa ukoo wa baba. Nilimwona Kokugonza akijifunza kutembea kwa kushikilia kitanda changu... nikafunga mdomo.

Siku niliyorudi nyumbani miguu iliruka mbele ya wote. Deogratias alipiga magoti akaishika.

"Imeamka?"

"Imerudi," nikamjibu. "Nipeni muda."

Basi kila iliporuka, nyumba nzima ilifurahi. Shangazi yake, Paskazia, mwanamke wa maneno mengi, aliwaita majirani: "Njooni mwone, miguu ya mkwe wetu imetangulia ngomani, mwenyewe bado amelala!" Nilicheka nao. Mapaja yalipokaza mpaka pumzi ikanikatika, nilisema ni nguvu zinaingia.

Wakaamua kushukuru. Na kwetu mtu hashukuru mikono mitupu. Ndizi zilivundikwa shimoni, na siku zote zilipokuwa zinaiva nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Zikatolewa, zikakanyagwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikachacha. Hata hapo nilikuwa na nafasi. Baba yangu alitoka Nyanga, wajomba wakatoka Kibeta. Ilipangwa kwamba nitasimama nimpe baba mkwe kibuyu cha kwanza kwa mkono wangu.

Deogratias na kaka yake waliniinua kwapani. Nyayo zilipogusa ardhi, miguu ilikaza, ikanyooka kama miti. Wakaniachia kidogo... nikasimama! Vigelegele vilipigwa. Baba yangu alilia mbele za watu. Je, mnajua kwamba hata mimi, niliyeujua ukweli, kwa kitambo kile niliamini?

Kokugonza alikuja mbio akayakumbatia magoti yangu. Misuli ikalegea. Nilimwangukia.

Alikuwa chini ya miguu yangu na sikumhisi. Nilimjua kwa kilio tu. Mkono wake ulivunjika.

Nikasema yote palepale, nikiwa bado chini kwenye nyasi. Paskazia aliniinamia. "Mke wa Deo, tuamini uongo upi, wa jana au wa leo? Mguu unaopiga teke hivi unashindwaje kulima?"

Kesho yake Deogratias aliifunga miguu yangu kwa kamba za mgomba isije ikaruka tena. Nilimwambia itatoka vidonda. "Ulisema imerudi," alinijibu. Ikatoka vidonda, na vidonda vikazidisha kuruka, naye akazidi kukaza kamba. Kisha walinilaza kwenye machela wakanirudisha Nyanga. Mkono wa mtoto ulikuwa haujafunguliwa kitambaa, tayari kibanjani kulikuwa na mwanamke mwingine anapalilia.

Nilidai mtoto wangu kwenye baraza la kijiji. Nilibebwa kwenye kiti mpaka mbele ya wazee. Nilisema mama asiye na miguu bado ni mama. Nilisema kamba zilinila mpaka mfupa. Walinisikiliza vizuri. Mzee mmoja akauliza swali moja tu.

"Mama, ulijua hutasimama?"

"Nilijua."

"Na mtoto ulimwacha akukimbilie?"

Kokugonza alibaki Muleba.

Siku hizi nafundisha kisomo cha watu wazima, barazani kwa baba. Mguu ukiruka, wanafunzi wangu wazee husema, "Mwalimu, huyo ameshanyoosha mkono, mpe swali." Tunacheka. Ukirukaruka kupita kawaida ninajikagua kidonda, kama sista alivyonifundisha.

Deogratias simsamehe. Mtu aliyenifunga kama mbuzi, nimsamehe kwa lipi? Lakini kamba zile nilimpa mimi sababu ya kuzisokota.

Wewe uliyeumia mgongo na miguu imeanza kuruka, waambie wenzako siku ya kwanza. Waambie hairudi. Watakaokuacha wakuache mapema, mtoto wako akiwa mzima na neno lako likiwa bado linasikilizwa. Na ninyi mnaowauguza, msishangilie msichokijua, na msifunge mguu wa mtu.

Kokugonza huletwa hapa sikukuu. Amekua, anaongea vizuri. Nikimnyooshea mikono, hutazama kwanza magoti yangu... kisha hunisalimia kutoka mlangoni.